Umeletewa linki ya soko la kripto na mtu unayemuamini? Soma kwanza kilichompata mdogo wangu hapa Dodoma

#1 Zabibu wa Hombolo (mleta uzi)

Mbukwenyi wana Dodoma na wengine wote, wakubwa shikamooni.

Hili jambo nimekaa nalo tangu mwezi wa nne, nikawa nasita kuliandika kwa sababu linahusu familia. Ila jana pale soko la Majengo nimemsikia mama muuza mboga anamwelekeza mwenzie namna ya kujisajili kwenye "soko la dola" kwa linki ya WhatsApp, nikarudi nyumbani usingizi hauji, nikaona bora niandike.

Mdogo wangu ana ekari moja na nusu ya zabibu Hombolo. Msimu uliopita aliuza vizuri, akalipa vibarua na dawa akabaki na milioni moja na laki mbili. Jirani yetu mmoja, mtu mzima, mzee wa kanisa, mtu ambaye ukimwachia funguo za nyumba unasafiri bila wasiwasi, akamwambia kuna soko la kripto, yani sarafu za kidijitali kama Bitcoin, linafanya biashara lenyewe kwa kompyuta, wewe unaweka dola zako unabonyeza sehemu mara mbili kwa siku, jioni unaona faida. Akamtumia linki, akamsaidia na kujisajili, tena alikuja nyumbani jioni kabisa wakakaa chini ya mwembe wanaelekezana.

Dogo akaweka ile milioni na laki mbili, kama dola 460 hivi. Wiki ya kwanza ikasoma 540. Akaogopa kidogo akajaribu kutoa dola 15, ndani ya dakika kumi imeingia kwenye simu, karibu elfu arobaini. Wakuu, hiyo elfu arobaini ndo iliyommaliza. Kuanzia hapo huwezi kumwambia kitu, maana ameshika hela mkononi. Akamshawishi mama akatoa laki nane za kikoba chake, akauza mbuzi sita akapata laki sita, zote zikaingia humo. Jumla milioni mbili na laki sita. Mwezi wa nne skrini inasoma dola 3,900.

Anataka kutoa sasa maana ubwiri ulikuwa umeanza kwenye zabibu na dawa hana. Anabonyeza kutoa, inakuja meseji kwamba akaunti yake imefikia kiwango cha kulipa kodi, atangulize asilimia 20, yani dola 780, ndo mzigo wote ufunguliwe. Hapo ndo akanijia, anataka nimkopeshe milioni mbili. Nikamuuliza swali moja tu, kama una dola 3,900 mle ndani, kwa nini wasikate hizo 780 humo humo wakupe zinazobaki? Akawauliza kule Telegram kwa huyo wanayemwita huduma kwa wateja, akajibiwa mfumo hauruhusu. Akanyamaza muda mrefu sana. Nadhani alijua pale pale.

Hakukuwa na dola 3,900. Hakukuwa na biashara yoyote. Ile ni tovuti tu ambayo mtu anaandika namba anayotaka uione, hela yako ilishaondoka siku ile ile uliyotuma, na ile elfu arobaini aliyorudishiwa ni kipande cha hela yake mwenyewe.

Ninachotaka mkielewe, na ndo sababu ya uzi huu, ni kwamba yule mzee hakuwa tapeli. Na yeye aliweka. Aliletewa na binti wa dada yake, binti kaletewa na mwenzake wa kazini, wote wameliwa, na mzee mpaka leo akituona njiani anainamisha kichwa. Kwa hiyo lile swali tunalojiuliza wote, "aliyeniambia ni mtu mwaminifu?", halisaidii kitu. Ni mwaminifu kweli. Tapeli mwenyewe hujawahi kumuona na hutamuona, yeye anawatumia wanaokupenda. Swali la kuuliza ni hili soko lenyewe bila huyu mtu ningelijuaje? Kampuni inaitwaje, iko nchi gani, imesajiliwa na nani, watu wasiofaidika na mimi kujiunga wanasemaje juu yake? Ukiona njia yote ya kulifahamu inapita kwa mtu aliyekuletea linki na grupu lake, hapo hakuna soko.

Wenye uzoefu mshuke hapa chini, na waliopigwa msione aibu. Nitajibu ninachoweza.

#2 Mwanachuo Chimwaga

Mkuu pole sana kwa familia. Ila naomba niulize bila ubaya, mimi niko kwenye moja hivi kuanzia mwezi uliopita, nimeshatoa mara mbili na zote zimeingia vizuri, sasa yangu si itakuwa ya kweli? Na apu yao ipo kabisa, nimeiweka kwenye simu, ina chati za bei ya Bitcoin zinacheza kama zile za Binance, lile soko kubwa la kripto.

#3 Zabibu wa Hombolo (mleta uzi)

Dogo asante kwa kuuliza kwa uwazi. Kutoa kidogo sio ushahidi, soma tena habari ya elfu arobaini. Tapeli anakulipa mara ya kwanza na ya pili kama mvuvi anavyotupa chambo, hahesabu hiyo kama hasara.

Chati nazo zisikudanganye. Bei ya Bitcoin ni kitu cha wazi duniani, tovuti yoyote inaweza kuichukua na kuionyesha, hata mimi nikitaka nitafanya. Kinachotakiwa uangalie ni wanapata wapi hela yao. Soko la kweli linakula ada. Unanunua, wanakata kidogo, unauza, wanakata kidogo, pale Binance kwa mfano ununuzi wa kawaida ni kama asilimia 0.1. Hawajali umepata au umepoteza na hawakuahidi faida hata ya senti. Likija soko linakwambia kila siku utapata asilimia mbili, tatu, hilo sio soko, ni upatu umevalishwa koti la kripto. Wakubwa mnaukumbuka upatu wa DECI mwaka 2009, ule wa kupanda mbegu na kuvuna? Wale walikuwa na fomu za karatasi na foleni za watu, hawa wana apu, basi.

Na Aprili 2025 wenzetu Nigeria na Kenya walilia na soko feki la kripto linaitwa CBEX. Watu wameamka salio ni sifuri, alafu bado wakaambiwa ili akaunti ihakikiwe wenye chini ya dola 1,000 waongeze dola 100 na wenye zaidi waongeze 200. Fikiria, ameshakuibia kila kitu bado anajua kuna mtu atatuma 100 nyingine kwa matumaini. Na walituma.

Niulize mimi sasa, hiyo apu umeitoa Play Store au ulitumiwa faili?

#4 Mwanachuo Chimwaga

Nilitumiwa faili kwenye grupu mkuu. Walisema ya Play Store inachelewa kupandishwa.

#5 Wakala Nkuhungu

Dogo ifute leo. Faili la apu kutoka kwenye grupu linaweza hata kusoma meseji zako zote za benki na za laini, sio hiyo hela uliyoweka tu.

Wakuu mi niko upande wa wanaonunua na kuuza dola za kripto wenyewe kwa wenyewe, ile P2P, na kibanda cha uwakala ninacho hapa Nkuhungu miaka sita saivi. Nataka niongelee huko maana hapo soko ni la kweli kabisa, kubwa, linajulikana dunia nzima, na bado unapigwa vizuri tu.

Wasiojua ni hivi. Wewe una USDT, yani sarafu ya kripto ambayo moja ni kama dola moja, mtu anataka kununua. Soko linazishikilia zile USDT zako katikati, mnunuzi anakutumia shilingi kwenye simu yako, ukishaona imeingia unabonyeza kuachia, zinaenda kwake. Ulinzi wote uko kwenye hilo neno "ukishaona imeingia". Ukibonyeza kuachia hakuna kurudi nyuma, hata soko lenyewe haliwezi kukurudishia.

Sasa mchezo wa kwanza ni meseji feki. Unaletewa meseji imeandikwa sawa sawa na ya mtandao, kiasi, muda, namba ya muamala, mpaka salio jipya. Wengine wanakutumia skrinshoti kwenye sehemu ya kuandikiana ndani ya soko, wanaanza kukusumbua, kaka mgonjwa yuko hospitali achia haraka, dada niko safarini chaji inaisha. Meseji sio hela. Skrinshoti sio hela. Unaingia kwenye menyu mwenyewe, *150*00# kama ni M-Pesa, *150*60# kama Airtel, *150*01# kwa iliyokuwa Tigo Pesa saivi Mixx by Yas, *150*88# Halopesa, unaangalia salio. Halijaongezeka, hajalipa, hata kama amebonyeza "nimelipa" mara mia. Usifute biashara, usiachie, fungua rufaa hapo hapo kwenye soko wao waamue. Na usikubali aseme tuhamie WhatsApp tumalizane huko, soko likija kuamua linaangalia mazungumzo ya ndani yake lenyewe, ya WhatsApp hayana kazi.

Mchezo wa pili ndo ulionitoa machozi mimi, kwa hiyo nitaueleza taratibu. Mwaka juzi nimeuza USDT za laki saba. Hela imeingia kweli, nimeangalia salio, ipo. Jina la aliyetuma ni la mwanamke, jina la mnunuzi kwenye soko ni la mwanaume. Nikamuuliza, akasema ni mke wangu, simu yangu haina hela. Nikaachia. Kesho yake jioni laini imefungiwa. Kumbe yule mama alikuwa ananunua friji mtandaoni, tapeli ndo muuza friji, alipomuuliza alipie wapi akampa namba yangu mimi. Mama katuma hela kwangu akisubiri friji, mimi nimeachia USDT kwa tapeli, yeye kaondoka na dola na hana hata alama moja kwenye njia ya hela. Mama kaenda polisi, na namba aliyonayo ni yangu. Laini yangu ya biashara ilikaa imefungwa siku 19, nikawa naitwa kuandika maelezo kama mimi ndo mwizi, wateja wamehamia kibanda cha jirani.

Tangu hapo jina likitofautiana hata kwa herufi za ukoo tu, nairudisha hela kule kule ilikotoka na USDT siachii. Mke, kaka, mtoto, sitaki kusikia. Nimepoteza wateja wa kweli kwa sababu hiyo na sijutii. Na ukiwa mnunuzi ni vile vile, jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri, lisipofanana na la muuzaji kwenye soko usitume.

#6 Gunia Kibaigwa

Wakala umenena, hiyo ya friji nilikuwa siijui na nimefanya biashara ya mahindi hapa soko la Kibaigwa na watu wa kila aina.

Mi naongeza moja ndogo ila imemla mtu ninayemjua karibu. Alikuwa na anwani moja, ile namba ndefu ya kupokelea kripto, anayotuma USDT kila wiki kulipia mzigo. Siku moja kwenye historia yake ikaonekana imeingia hela kidogo sana, hata senti haifiki. Akapuuza. Wiki iliyofuata akaenda kwenye historia kunakili anwani kama kawaida yake, akatuma dola 1,150. Haikufika. Ile senti ilitumwa na mtu aliyetengeneza anwani inayofanana na ya yule anayemlipa, herufi za mwanzo zile zile, za mwisho zile zile, katikati tofauti. Na sisi wote tukihakiki tunaangalia mwanzo na mwisho tu.

Anwani ya USDT kwenye netiweki ya Tron inaanza na T na ina herufi 34, ya Ethereum inaanza na 0x na ni herufi 42. Soma na za katikati. Au tunza anwani kwenye orodha yako ya soko, masoko makubwa yana sehemu unaruhusu hela itoke kwenda anwani ulizozisajili tu, na ukiongeza mpya unaweza kuweka isubiri masaa 24. Inaudhi siku una haraka lakini ingemwokolea jamaa mzigo wake.

Na kila mzigo mkubwa tanguliza kidogo, dola tano, mpigie simu mtu aseme imeingia, ndo utume zingine, na anwani uchukue ile ile ya hizo dola tano.

#7 Fundi simu Sabasaba

Naomba nitie neno maana simu zenu zote zinapita kwangu.

Watu wananiletea simu niweke apu ya soko, wanafungua Google wanaandika jina, wanabonyeza cha kwanza kinachotokea. Cha kwanza mara nyingi ni tangazo la kulipia, na matapeli wanalipia matangazo. Jina limeandikwa karibu sawa, herufi moja imebadilishwa, ukiingiza neno lako la siri umempa yeye. Anwani ya tovuti iandike mwenyewe kwa kidole, ihifadhi kwenye simu, ingia kwa hapo siku zote.

Ulinzi wa meseji ya simu peke yake hautoshi, mtu akifanikiwa kurenyuu laini yako kwa jina lako namba zote za uthibitisho zinaenda kwake. Weka Google Authenticator, apu inayokupa namba za uthibitisho ndani ya simu yenyewe bila meseji, na zile namba za akiba andika kwenye karatasi. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, kuna mteja wangu wa Makole alikuta laini mbili hazijui. Pia kwenye soko kuna sehemu unaweka neno la utambulisho, sio lile la siri la kuingilia, ambalo litaonekana kwenye kila baruapepe wanayokutumia, weka hata jina la kijiji cha bibi yako, ikija baruapepe haina hilo neno ni ya mwizi.

Na yale maneno 12 au 24 ya kufungulia waleti, yani pochi yako ya kripto, hakuna binadamu anayepaswa kukuuliza. Hakuna. Sio fundi, sio huduma kwa wateja, sio mchumba.

Kinyume chake nacho ni mtego. Kuna mtu anatupia kwenye grupu "jamani nisaidieni nina USDT 2,000 sijui kuzitoa, maneno yangu ndo haya". Unaingia kweli unazikuta 2,000 zimekaa. Ila kuzitoa inahitaji TRX, sarafu ya netiweki ya Tron, kidogo ya nauli. Unatuma TRX za elfu hamsini, unajaribu kutoa, inagoma, maana ile waleti imewekwa inahitaji idhini ya ufunguo mwingine ambao anao yeye. TRX zako zinachukuliwa. Kijana wa hapa stendi ya bodaboda alinijia akilia kwa hili, nikamwambia ukweli hata kama uliuma, kwamba alikuwa anaenda kuchukua hela ya mtu.

#8 Dada Kisasa

Kaka zangu nasoma huku natetemeka. Nimepigwa milioni mbili na laki moja wiki mbili zilizopita kwenye soko la aina hiyo ya mdogo wake mleta uzi. Mume wangu hajui. Niliandika kwenye kurasa fulani kuomba msaada, akaja mtu inbox anasema ni mtaalamu wa kudukua, anaziona hela zangu zilipo, anataka laki tatu tu azirudishe. Ana picha za watu aliowarudishia. Leo ndo nilikuwa natafuta hiyo laki tatu.

#9 Zabibu wa Hombolo (mleta uzi)

Dada usitume. Tafadhali sana usitume, hata kama umeshaahidi.

Muamala wa kripto ukishathibitishwa hakuna mtu wa kuuvuta kurudi, sio mdukuzi, sio aliyetengeneza Bitcoin. Kuona hela zilipo sio uchawi, mimi pia naweza kuziona, vitabu vyake viko wazi kwa kila mtu, kuziona na kuzirudisha ni mbingu na ardhi. Huyo mara nyingi ni yule yule aliyekuibia au mwenzake aliyeuziwa jina lako, wanajua aliyeumia ndo rahisi kuumizwa tena. Mdogo wangu alifuatwa na watatu. Mmoja alijiita wakili.

Kinachowezekana ni hiki. Kusanya kila kitu leo kabla hawajafuta grupu, namba za simu ulizotumia hela, meseji za muamala, anwani ya waleti, ile namba ndefu ya muamala wa kripto, majina ya akaunti za Telegram. Kama kuna hela ulituma kwa namba ya simu ya hapa Tanzania piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi, wakati mwingine hela inakutwa bado haijatolewa, na ile namba iripoti kwa meseji kwenda 15040. Kisha polisi, omba kitengo cha makosa ya mtandao, andika maelezo upate namba ya kumbukumbu. Kama USDT zilipita soko kubwa waandikie ndani ya apu yao ukiwa na hiyo namba ya polisi, wao wanaweza kuifungia akaunti ya mtu zikiwa bado zipo kwao. Sikuahidi kwamba zitarudi. Za mdogo wangu hazijarudi. Ila ripoti inasaidia anayefuata.

Na mwambie mumeo dada. Mdogo wangu alikaa na siri wiki tatu amekonda, siku alipomwambia mama, mama alilia, alafu akampikia ugali na mlenda wakala pamoja. Ukiwa peke yako na siri hiyo ndo utatuma hiyo laki tatu.

#10 Mzee wa Mpwapwa

Vijana, kwa nini msiseme tu kripto yote ni wizi mkaachana nayo? Serikali yenyewe ilikataza.

#11 Zabibu wa Hombolo (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Hofu yako naielewa na kwa mtu asiyekuwa na hela ya kupoteza ushauri wako ndo bora, mama yangu nimemwambia hivyo hivyo.

Ila tuseme ilivyo. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi sio fedha halali hapa nchini, na ikaonya watu. Juni 2021 Rais Samia akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa na mabadiliko haya. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Sasa hapa mzee nisaidie kuwaelewesha vijana, maana matapeli wanalitumia hili, wanasema "lipa kodi ya TRA kwanza ndo utoe". Kodi ya zuio inaitwa zuio kwa sababu inazuiwa kwenye malipo yenyewe. Anayekulipa anaikata kwenye hela yako na kuipeleka, wewe unapokea iliyobaki. Hakuna kodi ya Tanzania inayolipwa kwa kutuma USDT kwa mtu wa Telegram.

Na hata masoko ya kweli yanaanguka, sitaki mtu atoke hapa akidhani jina kubwa ni ngao. Mt. Gox ya Tokyo ilikufa 2014. FTX ilianguka Novemba 2022 na mwenye nayo Sam Bankman-Fried akahukumiwa miaka 25. Bybit walidukuliwa kama dola bilioni 1.5 Februari 2025, wao walijaza pengo wakaendelea, wengine hawana uwezo huo. Kwa hiyo kama sio hela unayofanyia biashara wiki hii usiilaze sokoni.

#12 Dada Kisasa

Nimemwambia. Amekaa kimya, akauliza una ile namba ya muamala? Kesho asubuhi tunaenda wote polisi. Yule wa laki tatu nimemzuia.

#13 Mwanachuo Chimwaga

Wakuu nimerudi. Jana usiku nimejaribu kutoa zote, sio kidogo kama zamani. Skrini ilikuwa inasoma dola 212. Imekuja kwamba akaunti yangu ina "hatari" niongeze dola 60 za uhakiki ndani ya masaa 48 la sivyo inafungwa. Sijaongeza.

Tatizo ni kwamba kuna wenzangu wanne hosteli niliwaingiza mimi kwa linki yangu. Mmoja ameweka ada ya muhula. Ametuma juzi.

#14 Wakala Nkuhungu

Alituma kwa njia gani? Kama ni kwa namba ya simu mpigie saivi aende huduma kwa wateja na kitambulisho, sio kesho.

#15 Mwanachuo Chimwaga

Kwa namba ya simu, laki tano na nusu. Tuko kwenye bajaji tunashuka mjini.